Buti Lililogoma

Mlango wa nyuma wa magari mengi madogo ya Kijapani hauna kitu cha kuvuta. Ukipitisha vidole chini ya ule ukanda wa plastiki ulio juu ya bamba la nambari, unakuta kipande cha mpira laini. Unakibonyeza, kitasa kinalia "tak", mlango unaachia. Kati ya kidole chako na kitasa hakuna fimbo ya chuma wala kamba. Kuna umeme tu. Siku utakapobonyeza na kusikia kimya, utabaki umesimama nyuma ya gari lako mwenyewe, ufunguo mkononi, na pengine huna hata tundu la kuutia.

Mjini Kisii hilo si jambo la kucheka. Huku buti ndilo linalotafuta chakula. Ndizi, mboga, mabati, kuku, trei za mayai, vyote husafiri nyuma, na mara nyingi watu pia. Probox, gari ambalo Toyota ilianza kuliuza mwaka wa 2002 likiwa la shughuli za ofisi na maduka ya Japani, limekuwa matatu ya milima ya Gusii, kutoka Kisii kwenda Nyamira, Keroka na Ogembo. Abiria wawili watatu waliojikunja ndani ya buti ni jambo ambalo kila mtu wa huku amelishuhudia, polisi wakiwemo. Magari mengine ya familia nayo yameingizwa katika kazi hiyo hiyo, kwa hiyo mlango wa nyuma hufunguliwa na kufungwa kutwa nzima.

Ufundi wa Kisii ukitajwa, wageni hupelekwa Tabaka kuwaona wachongaji wa mawe ya sabuni, na wana haki ya kupelekwa. Mimi lakini huvutiwa na vibanda vya mabati vya mjini, mahali fundi wa umeme wa magari anapofanya kazi ambayo ikikamilika vizuri haionekani kabisa. Ninayemzungumzia ni mtu wa makamo, mpole, mwenye cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kilichopauka kwa moshi juu ya meza yake na kijana mmoja anayejifunza kwake. Sijawahi kumwona akikimbia.

Asubuhi hiyo mteja alikuwa mzee mmoja anayepeleka bidhaa Nyamira.

"Bwakire, fundi. Buti limegoma, na mzigo uko ndani."

"Bwakire, mzee. Mzigo gani?"

"Gunia la omena. Na trei sita za mayai."

Fundi hakuligusa gari. Aliuliza kwanza kama lilikataa ghafla au lilianza kwa kusitasita. Mzee akasema wiki nzima lilikuwa linafunguka mchana, asubuhi linasumbua. Fundi akaitikia kwa kichwa. Kisii iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na milima hii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Kitu kinachokataa kukiwa na umande na kukubali jua likipanda kimeshaanza kujieleza chenyewe.

Akachukua rimoti, akafunga na kufungua milango yote huku sikio lake likiwa karibu na mlango wa nyuma. Milango ya ubavuni iliitika. Akamwomba mzee awashe taa, akainama: taa ndogo za bamba la nambari zilikuwa zinawaka. Akamwambia akanyage breki: ile taa ya breki iliyo juu, chini ya kioo, ikawaka. Akataka waipa ya nyuma: ikafagia kioo. Kisha akamgeukia kijana.

"Tumejua nini?"

"Umeme unafika mlangoni, fundi."

"Na fyuzi?"

Kijana akaenda kuitazama. Ilikuwa nzima.

Hapo nilianza kumwonea wivu. Nyaya zote za mlango wa nyuma, za taa, za waipa, za kitasa, hupita pamoja ndani ya bomba moja la mpira lenye mikunjo, pale juu kwenye bawaba. Taa na waipa zikifanya kazi, bomba hilo halijakatika lote. Kabla ya kufungua hata skrubu moja, alikuwa ameshaondoa nusu ya mashaka kwa kumtuma mzee wa watu akanyage breki.

Ni vyema kusema kitasa hiki hufanyaje kazi. Chini ya mpira kuna swichi ndogo sana. Kidole kikibonyeza, swichi inaunganisha waya mmoja na bodi ya gari, yaani upande wa hasi wa betri. Huo ni ujumbe tu, hauna nguvu ya kufungua chochote. Kompyuta ya gari inaupokea, inahakikisha gari halijafungwa kwa rimoti, ndipo inatuma volti 12 kwenye mota iliyo ndani ya kitasa, kwa muda mfupi usiofika sekunde. Mota inazungusha gia, gia inainua ulimi, ulimi unaiachilia kulabu iliyokuwa imeuma kitanzi cha chuma kwenye sakafu ya gari. Shoki za gesi zinafanya kazi iliyobaki. Huko Marekani vitasa vya umeme vilikuwa fahari ya magari ya kitajiri, na Packard iliviweka katika magari yake mwaka wa 1956. Leo vimo katika gari la kubebea omena. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililopita miaka 8, hivyo kila mtindo unaopendwa Japani huteremka bandarini Mombasa baada ya miaka michache, na mafundi wa Kisii hulazimika kuuelewa pasipo mtu kuwatumia kitabu chake.

Ili kulifungua buti lililogoma ni lazima uingie kwa ndani. Kijana alitoa mayai kupitia mlango wa ubavuni, trei moja moja, akayapanga kivulini. Gunia la omena, hao dagaa wa ziwani, lilikuwa zito na limebanwa, likaachwa. Fundi akatandika gunia tupu juu yake, akalaza viti, akajivuta kifudifudi hadi nyuma, simu mdomoni ikimulika. Kwenye plastiki ya ndani ya mlango kuna kifuniko kidogo ambacho wenye magari wengi hawajui kipo. Alikibandua kwa bisibisi bapa aliyoizungushia tepu nchani isikwaruze, akapapasa ndani, akapata kiwiko cha chuma, akakisukuma upande. Tak. Mlango ukainuka wenyewe na fundi akatoka nyuma akinuka Ziwa Victoria lote. Mzee alicheka mpaka akashika kiuno.

Nilidhani sasa kazi ingeenda mbio. Badala yake fundi alilisogeza gari nyuma yake ielekee jua, akaagiza chai. Klipu zinazoshika plastiki ya ndani zimekaa miaka mingi, na plastiki yenye baridi ya asubuhi ya Kisii hukatika badala ya kupinda. Alisubiri mpaka kiganja kikahisi joto alipokiweka juu yake. Ndipo akatoa kifaa chake cha kubandulia, mpini wa mswaki uliochongwa na kulainishwa kwa msasa, akaupenyeza pembeni na kuupinda taratibu. Klipu ya kwanza ikatoka nzima, kisha iliyofuata, mpaka ya mwisho. Zote aliziweka kwenye kifuniko cha kopo la rangi kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa mlangoni, za juu juu, za kushoto kushoto, kwa sababu hazilingani urefu na anayezichanganya huja kulalamikiwa baadaye kwamba mlango unapiga kelele barabarani.

Plastiki ilipotoka, nyaya zikawa wazi. Kijana alikuwa amekwisha kunyoosha mkono na testa ya balbu, ile ya msumari na klipu. Fundi akaichukua kwa upole, akairudisha mezani, akampa mita. Balbu, alimweleza, inakunywa umeme mwingi. Waya wa swichi unatoka kwenye kompyuta na haukuumbwa kunywesha balbu. Mita inaonja tu. Kwa testa ya aina hiyo kuna watu wameua kompyuta ya gari zima wakitafuta hitilafu ya swichi.

Kabla ya kupima alifanya jambo ambalo wasio makini husahau. Aliisukuma kulabu ya kitasa kwa bisibisi mpaka ikajifunga, kana kwamba mlango umefungwa, ingawa mlango ulikuwa wazi juu ya kichwa chake. Kila jaribio la kitasa hufanywa hivyo, mlango ukiwa juu. Ukiufunga ili ujaribu na jaribio likakataa, unarudi juu ya omena. Halafu akachomoa soketi ya swichi, akagusisha ncha za mita, akasoma volti, akaridhika. Akakata kipande cha waya, akakipinda, akaunganisha matundu mawili ya soketi kwa nukta moja. Tak, kulabu ikafunguka. Akaifunga tena, akagusisha tena, tak. Alirudia mara kadhaa, uso wake ukiwa haubadiliki, na kila sauti ilikuwa inaondoa mshukiwa mmoja: mota nzima, gia nzima, kompyuta nzima, waya mzima. Kosa lilikuwa limebaki katika kitu kidogo kuliko punje ya hindi.

Kiwanda hakiuzi punje hiyo peke yake. Huuzwa swichi yote na mfuniko wake, mara nyingine pamoja na ukanda mzima, na mara nyingi inabidi itafutwe Nairobi, kwenye maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, iletwe na basi. Hakuna ubaya kubadilisha kitu chote. Lakini kipuri cha mtumba kina umri ule ule na kimeloa mvua za Japani, kwa hiyo unanunua ugonjwa ule ule ukiwa haujaanza. Fundi alimweleza mzee njia zote mbili na gharama zake. Mzee akasema, "Fanya unavyoona."

Ukanda unashikwa na nati za namba 10 upande wa ndani. Hakuifungua moja mpaka mwisho ndipo aende kwa nyingine. Alilegeza kila moja kidogo, akazunguka, akalegeza tena, ili plastiki isibebe uzito wote upande mmoja na kupasuka. Ukanda ulipotoka, mpira wa swichi ulijionyesha: ulikuwa umeyeyuka ukawa mweusi na wa kunata, ukishika vidole kama utomvu wa mgomba. Mpira wa aina hii huchoka kwa jua na unyevu, ukilainika hupasuka, na ukipasuka unakaribisha maji.

Aliufuta kwa spiriti na kitambaa, akirudia mpaka kitambaa kikatoka safi. Kisha akapasha wembe moto na kuuzungusha kwenye ungio la mfuniko, milimita kwa milimita, akiyeyusha gundi ya kiwanda bila kugusa plastiki. Mfuniko ulipofunguka, tone moja la maji lilidondoka kwenye goti lake. Ndani, miguu ya shaba ilikuwa imevaa kutu ya kijani.

Swichi ya namna hii ina ukoo. Mtu aitwaye McGall aliibuni mwaka wa 1932 huko Freeport, Illinois. Ndani yake kuna bapa la chuma chembamba linalokaa katika hali ya mvutano. Ukilisukuma polepole halisogei polepole. Linavumilia, linavumilia, kisha linaruka lote kwa mkupuo hadi upande wa pili. Kuruka huko ndiyo sauti unayoisikia, na ndiko kunakoifanya swichi idumu kwa mibonyezo mingi mno, maana ncha za shaba hazipati nafasi ya kusitasita na kutoa cheche. Bapa la swichi ya mzee lilikuwa bado linaruka. Lilikuwa linatua juu ya kutu.

Chini ya meza kuna kopo la maziwa lililojaa vipanya vya kompyuta vilivyokufa, alivyovinunua kwa bei ya takataka kwenye vibanda vya intaneti vilivyofungwa. Chini ya kitufe cha kipanya mna swichi hiyo hiyo ya McGall, ndogo zaidi. Fundi alifungua kimoja, akachagua swichi ya upande wa kulia. Ya kushoto, alisema, imebonyezwa na dunia nzima. Ya kulia huwa karibu mpya. Ina miguu mitatu na inatumika miwili, kwa hiyo aliiweka kwenye mita na kubonyeza mpaka akajua ipi ndiyo, akaukata wa tatu.

Kulehemu kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo palipokuwa na raha ya kutazama. Alizikwangua nyaya mpaka zikang'aa, akazipaka rosini. Kwanza alizipaka solda peke yake, kisha miguu ya swichi peke yake, ndipo akazikutanisha. Chuma cha kulehemu alikiweka kwenye waya, solda akaiweka upande wa pili wa waya, akasubiri joto livuke liiyeyushe. Asiyejua huyeyusha solda juu ya chuma na kuidondosha kwenye kiungo. Inaonekana imeshika, lakini imelala tu juu yake, na mitikisiko ya barabara ya Kebirigo itaiamsha. Solda ya fundi iliingia katikati ya nyuzi za waya ikapotea, ikaacha kiungo chembamba, kinachometa. Hakupuliza ili kipoe. Aliushika mkono wake usitikisike mpaka mng'ao ukatulia. Viungo viwili hakuviweka sambamba: kimoja alikitanguliza na kingine akakirudisha nyuma, ili siku ganda likichubuka visigusane na buti kujifungua lenyewe njiani.

Kwa mpira mpya alijaribu tyubu ya pikipiki, akaikataa kwa unene wake, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli. Alikilaza juu ya swichi, akabonyeza na kusikiliza, akakipunguza pembeni kwa mkasi, akabonyeza tena. Kilipokuwa kinarudi bila kusitasita alikigandisha kwa gundi na kukizungushia silikoni, ila chini kabisa aliacha tundu dogo. Mzee, aliyekuwa amesogea, akauliza kwa nini asizibe kila mahali.

"Maji yataingia tu, mzee. Bora yajue pa kutokea."

Wakati gundi inashika, alivuta lile bomba la mpira la kwenye bawaba. Mzee alitazama saa. "Fundi, si limeshafunguka?"

"Limefunguka leo."

Ndani ya bomba, waya mmoja wa waipa ulikuwa umepasuka ganda palepale mlango unapojikunja, shaba ikionekana. Ulikuwa bado unafanya kazi. Fundi aliukata, akaunga kipande kipya chenye nyuzi nyingi nyembamba, akikiacha kirefu kidogo kuliko kinavyohitajika ili mlango ukifunguka kisivutike. Kisha akasafisha grisi ya zamani kwenye kulabu, iliyokuwa imegeuka udongo, akapaka mpya kiasi cha ncha ya kidole. Akarudisha ukanda, nati kwa mzunguko ule ule. Juu ya ungio akabandika tepu pana mpaka kesho, maana mvua ya alasiri ya Kisii haingoji silikoni ikauke.

Kabla ya kurudisha plastiki ya ndani aliongeza kitu ambacho mzee hakukiomba. Alitoa waya wa breki ya baiskeli pamoja na ganda lake, akafunga ncha moja kwenye kile kiwiko cha kufungulia kwa mkono, akaupitisha ukingoni mwa buti, akautokeza nyuma ya kiti, akauwekea kifundo cha plastiki nyekundu. Mwaka wa 1995 mama mmoja wa San Francisco, Janette Fennell, alifungiwa na majambazi ndani ya buti pamoja na mumewe. Walinusurika, akapigania sheria, na tangu Septemba 2001 magari mapya ya Marekani yenye buti lililotengwa na chumba cha abiria sharti yawe na kishikio cha kufungulia kwa ndani, kinachoonekana gizani. Milango ya nyuma kama huu wa mzee haimo katika sheria hiyo. Sijui kama fundi amewahi kusikia habari za Fennell, ila anajua nani hupanda nyuma kwenda Nyamira jioni.

"Ingia," alimwambia kijana. Kijana akaingia, akajikunja kando ya omena, mlango ukafungwa. Ukafunguka.

"Tena. Kwa mkono wa kushoto."

Ukafunguka.

"Sasa fumba macho, ukitafute kifundo kana kwamba hujui kiko wapi."

Ilichukua muda kidogo. Ukafunguka. Fundi akasogeza kifundo upana wa vidole viwili kuelekea katikati, akafunga mlango na kumfungia kijana mara nyingine, huku mzee akianza kubeba mayai yake trei moja moja kutoka kivulini.